Picha Inatosha

Pasiansi, Jumapili alasiri

Sundi mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, maana nakusikia kutoka hapa uani: uko chumbani unakunja nguo, unaimba nusu ya wimbo na kuirudia kwa sababu nusu ya pili huijui. Yangu ungeniuliza ningekujibu sijambo, kama ninavyowajibu watu wote, na ningekuwa nakudanganya.

Naandika mchana makusudi. Safari yako ni kesho asubuhi, na baba mwingine angesubiri usiku nyumba itulie. Lakini unajua mimi sitazami kitu cha maana kwa taa. Taa ya umeme hufanya cheupe kiwe cha njano, na ile ya simu hufanya kila kitu kionekane kama kimefuliwa. Nimekaa pale pale ninapokaa nikiletewa saa ya mkono niiangalie rangi, kwenye kigoda cha mama yako, mgongo ukutani, ziwa mbele. Ndege ya alasiri imeshatua. Nina mwanga wa saa mbili hivi, na nataka zinitoshe.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji, za kutowaazima wenzako ndoo kabla hujawajua, mama yako amezisema tangu Jumatano na ataendelea kuzisema mpaka basi liondoke. Sina la kuongeza hapo.

Wiki iliyopita, watu walipokuja kukuaga, mjomba wako alikuuliza kwa nini umechagua kusomea picha za mionzi wakati uuguzi wanaujua wote. Ukamjibu, "Nimerithi jicho la baba. Yeye anasoma saa kwenye picha, mimi nitasoma mifupa." Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikaenda chooni nikasimama humo bila haja yoyote, mpaka mama yako aliponiita kwamba chakula kinapoa. Niliona aibu, mama. Nilikuwa nayo muda mrefu, lakini siku ile ilinipanda mpaka kichwani.

Hukurithi jicho kwangu. Acha nikueleze, maana ulilelewa katikati ya jambo hili na nusu yake hukuambiwa.

Unakumbuka meza yangu ya mjini ilivyokuwa kabla simu hazijawa saa za watu. Kisha wateja wakakauka. Nilikuwa nabadilisha betri na mikanda tu, kazi ambayo hata wewe ungeifanya huku unakula muhogo. Ndipo akaja yule bwana wa Arusha anayetafuta saa za zamani, hasa zile za kupimia mbio, zenye vitufe viwili ubavuni: unabonyeza cha juu mshale mrefu unakimbia, unabonyeza tena unasimama, unabonyeza cha chini unarudi juu kwenye kumi na mbili. Yeye aliziita kronografu. Akaniambia kuwa watu wanaozikusanya hawajali sana kama inatembea. Wanajali uso wake, kama rangi ni ile iliyotoka nayo kiwandani au kuna mtu ameupaka au kuubadilisha. Akaanza kunitumia picha kwenye simu, niseme.

Nikawa nasema. Na mwanzoni nilisema vizuri, sitajinyima hilo. Nilijua uso mweusi ukichomwa na jua miaka mingi hugeuka kahawia, na kahawia ya jua haiwi sawa kila mahali: chini ya pete inayozunguka kioo hubaki nyeusi, na ndani ya visaa vidogo vilivyochorwa kwenye uso huchelewa. Aliyepaka kwa brashi hupaka kila mahali sawasawa, kwa hiyo usawa wenyewe ndio unaomfichua. Nilijua herufi zilizochorwa juu ya rangi mpya huwa nene, zinakaa kama zimepandishwa. Bwana wa Arusha akawa ananiita Jicho la Mwanza. Ulikuwa darasa la sita. Ulikwenda kuwaambia wenzako shuleni, wakakuita Kope.

Jina likanilevya. Nikaanza kuona kufungua saa ni kazi ya watu wa chini, wenye mafuta kwenye vidole. Mimi nilikuwa mtu wa kuangalia tu na kutamka.

Sasa Bwire. Wewe ulimwita baba mdogo, na kila uliponiuliza mbona haji tena nilikujibu amepata shughuli. Nilikudanganya.

Bwire na mimi tulijifunza kazi meza moja, kwa mzee mmoja pale mjini ambaye alikuwa hasemi, anakohoa tu. Kikohozi kimoja, endelea. Viwili, acha usiharibu. Siku moja niliona uso wa saa ya mteja una madoa, nikajua ni uchafu, nikachukua pamba na spiriti nikausafisha. Madoa yakatoka na maandishi yote yakatoka pamoja nayo. Mzee alipouliza nani amefanya, nikainamia meza. Bwire akasema, "Tulisafisha wote wawili." Tukafukuzwa wote wawili kwa wiki nzima. Hakuwahi kunikumbusha. Mimi pia sikuwahi kumwendea mzee nikamwambia ukweli, na mzee akafa akijua kuwa Bwire ni mzembe kama mimi.

Baadaye yeye akavuka kwenda Sengerema akafungua meza yake huko. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu. Nilijua hivyo kwa miaka mingi na sikupenda kujua. Mara mbili tatu bwana wa Arusha alikuwa ameniuliza, "Huyo mwenzako wa Sengerema anaweza kunifanyia kazi?" nami nikamjibu kwamba Bwire ni mzuri kwa saa za ukutani. Huo ulikuwa wivu, Sundi. Nauita kwa jina lake kwa sababu katika yote niliyofanya, huo ndio niliouficha hata kwangu mwenyewe.

Mwaka juzi alifariki Mwalimu Luhende, mwalimu wa michezo kule Sengerema. Alikuwa na kronografu moja aliyoachiwa na mzungu mchimba visima, na kwa saa ile alipima mbio za watoto wa shule zaidi ya miaka thelathini. Walipokaa kugawa vitu vyake, saa ikawa ya mtoto wake mkubwa, na yule kijana alikuwa amesikia kwamba saa za namna hiyo siku hizi zinatafutwa. Akataka kujua kama ni yenyewe kweli. Akapewa namba yangu.

Alinitumia picha tatu. Ulikuwa umerudi likizo, umekaa kwenye mkeka hapa uani na vitabu vyako vya baiolojia. Mimi nilikuwa kwenye kigoda hiki. Kwenye picha uso ulikuwa wa bluu, bluu ya kung'aa. Nikampigia kijana nikaomba kuongea na mama yake, Mama Mwalimu, anayeijua saa kuliko wote. Nikamuuliza, "Mama, shikamoo. Saa ya mzee, uso wake ulikuwa wa rangi gani tangu zamani?"

"Marahaba baba. Nyeusi."

"Una hakika, mama?"

"Nimeiona kwenye mkono wake kila siku. Nyeusi."

Nikauliza imefunguliwa na mafundi wangapi. Kijana akasema mmoja tu maisha yake yote, Bwire.

Hapo ndipo uliponisogelea ukaitazama simu. Ulisema, nakumbuka neno kwa neno, "Baba, mbona kiganja cha huyu aliyeishika nacho ni cha bluu?"

Nilikujibu nini? "Soma baiolojia yako, za saa niachie." Ukarudi kwenye mkeka. Hukununa. Mtoto wa fundi ameshazoea. Lakini ulikuwa umeona, na mimi niliyeitwa Jicho sikuwa nimeona. Katika picha ile kulikuwa na kiganja kizima cha mwanamke, mistari yake yote inaonekana, na kilikuwa cha bluu, na hakuna mtu hapa duniani mwenye kiganja cha bluu. Msiba ule ulikuwa umefungiwa turubai la bluu. Walipiga picha chini yake. Kila kitu kilichoingia humo kilitoka kimepakwa.

Sikutaka kuliona, nadhani. Nilikuwa tayari nimeshamwona Bwire.

Nikabonyeza kitufe cha sauti nikasema maneno haya: "Huu uso si wake. Mama mwenyewe anasema ulikuwa mweusi, na huu ni wa bluu. Aliyeifungua saa hii ndiye anayejua uso wa kwanza uko wapi." Nikatuma. Nikainuka nikanawa mikono kula.

Ulimi hauna mfupa, lakini zamani maneno ya mtu yaliishia kwa aliowaambia. Sauti yangu ilichezwa chini ya turubai lile, mbele ya ukoo mzima, simu imewekwa ndani ya bakuli ili isikike vizuri. Na walikuwa wamemwita Bwire. Alisimama pale akanisikiliza. Kijana yule ndiye aliyenieleza baadaye, tena kwa furaha, akidhani ananifurahisha. Alisema Bwire hakujitetea. Alisema tu, "Kama ni yeye aliyesema, mpigieni avuke aje aishike mkononi. Mimi nitakaa hapa hapa nimsubiri."

Wakanipigia. Ilikuwa kama saa nane mchana, kivuko kipo, mwili mzima. Nikawaambia nina kazi nyingi. "Picha inatosha," nikasema.

Maneno mawili tu. Nimeyasikia kichwani nikinyoa ndevu, nikivuka barabara, nikiwa kanisani padri anasoma. Ningesema lolote lingine, hata kwamba naumwa, pengine wangesubiri. Lakini nilisema picha inatosha, na ukoo ukaridhika, kwa kuwa mtaalamu amesema.

Hawakumpeleka polisi. Walimwambia arudishe uso, akasema hana uso wowote, wakamwacha. Lakini Sengerema si kubwa. Nani atampa saa fundi anayeiba nyuso? Baada ya miezi michache alifunga meza, akahamia Magu kwa wazazi wa mkewe. Nikasikia, nikaendelea na kazi. Nilijiambia kwamba ndiyo malipo ya tamaa.

Mwaka jana, wewe ukiwa shuleni unajiandaa na mitihani, Mama Mwalimu alikuja mwenyewe. Alivuka na kivuko cha asubuhi, akaulizauliza mpaka akafika mezani kwangu, saa ameifunga kwenye pembe ya khanga. Ilikuwa imesimama. Kule kwao hakukuwa tena na fundi wa kuiamini, na mtoto wake alikuwa amemrudishia saa, kwa kuwa kwa maneno yangu haikuwa na thamani tena kwake. Nilimpa kiti. Nikaitoa saa kwenye kivuli cha baraza, nikaisogeza juani.

Ilikuwa bluu iliyokolea, ile ya usiku unapoingia. Kivulini ilikuwa nyeusi tupu, hata mimi ningeapa. Juani ikawa bluu. Moyo ukaniambia geuka, mrudishie, mwambie umeme umekatika. Nikaifungua.

Ndani ya mfuniko wa nyuma niliona alama ya Bwire, B yenye mkia, na tarehe aliyoisafisha. Vichwa vya skrubu havikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mikono ile mizuri. Nikautoa uso. Nyuma yake kuna miguu miwili midogo ya shaba inayoushikilia, na ukiubadilisha lazima uiumize. Haikuwa imeguswa tangu kiwandani. Ilikuwa bluu mpaka ukingoni chini ya pete, na huko jua lisikofika ilikolea zaidi, kama ilivyotoka kiwandani. Ulikuwa uso wake, Sundi. Ulikuwa uso wake tangu siku ya kwanza.

Nikamuuliza, "Mama, hii unaiita rangi gani?"

Akanishangaa. "Si nyeusi hiyo?"

Watoto wa shule walikuwa wanavuka barabara. Nikamwonyesha sketi ya msichana mmoja, sketi za bluu zile zile ulizovaa wewe. "Na ile?"

"Nyeusi nayo. Baba, macho yako yanasumbua?"

Hapo nikamsikia bibi yako. Maisha yake yote bibi yako aliniambia, "Vaa sweta lako jeusi," na sweta langu la shule lilikuwa bluu. Kwa wazee wetu bluu iliyokolea na nyeusi ni rangi moja, na kwa nini isiwe? Nilikulia ndani ya neno hilo. Nilivaa neno hilo miaka saba. Mgeni kutoka nje angekosea ningemsamehe, maana angejulia wapi? Mimi ni Msukuma, mama yangu ni Msukuma, na nilimuuliza mama wa Kisukuma rangi halafu nikasikiliza jibu lake kwa sikio la bwana wa Arusha.

Sasa sehemu ambayo sijaweza kumwambia hata mama yako.

Nilikuwa na Mama Mwalimu mbele yangu, na uso wa saa kwenye kidole changu. Ningesema, "Mama, nilikosea. Bwire hakuiba kitu." Sentensi mbili. Badala yake nilisafisha mashine, nikatia mafuta, nikaifunga, nikabonyeza kitufe cha juu mshale ukakimbia. Yule mama akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Machozi yalimtoka. Alisema alipousikia mlio ule alimwona mzee wake amesimama mwisho wa uwanja. Sikumtoza chochote, na hilo nalo akalichukua kuwa wema. Akasema, "Mungu akubariki. Yule Bwire angekuwa mwaminifu kama wewe, tusingefika huku."

Nikaitikia, "Amina."

Nimewahi kufanya mambo mabaya nikiwa na hasira, na mengine nikiwa nimelewa, kabla hujazaliwa. Hilo nililifanya nikiwa mzima, nimeshiba, asubuhi, na kila kitu nakijua. Nikilikumbuka natamani kuvua ngozi.

Utauliza kwa nini sikumfuata Bwire. Nilimfuata. Mwezi wa tatu mwaka huu niliwaambia nakwenda kwa mteja, nikarudi na dagaa na furushi la mchele, unakumbuka, ukalalamika kwamba mchele una mawe. Nilikuwa nimekwenda Magu. Basi lilisimama kushusha watu, na nilimwona dirishani, hatua ishirini hazifiki. Ana ndoo zake za mchele kando ya barabara. Alikuwa ameinama, akaokota kitu kwenye mchele, akakisogeza kwenye jicho la kulia, lile alilokuwa akivalia lenzi ya ufundi, akakitazama kwa utulivu wake ule kabla ya kukitupa. Amezeeka mabega. Nilishika kiti cha mbele niinuke. Kondakta akauliza, "Mzee, unashuka?" Nikafumba macho nikajifanya nimelala.

Basi likaondoka. Nikafika Lamadi, nikanunua dagaa na mchele ili niwe na kitu cha kurudi nacho, nikapanda la kurudi. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilikuwa ndefu, maana niliporudi basi lilipita Magu tena, na nilifumba macho tena.

Nimefikiria sana niandike nini hapa kinachoweza kukusaidia, na kila nikianza najiona kama mlevi anayefundisha kutembea. Lakini unakwenda kusoma picha za miili ya watu. Utawekewa picha mezani na mtu mwenyewe atakuwa kwenye benchi nje, na daktari atataka neno lako haraka, na siku utakapokuwa umeshasifiwa utakuwa na hamu ya kulitoa. Hiyo hamu mimi naijua ladha yake. Picha haikunidanganya, mama. Ilikuwa na kiganja cha bluu ndani yake, iliniambia wazi kabisa kwamba mwanga wake ni mbovu. Na yule mama hakunidanganya, alinipa neno lake zuri la kwao. Wote wawili walisema kweli. Aliyekuwa na uongo ni mimi, kwa kuwa nilikuwa na jibu tayari, nikawa natafuta tu wa kuniunga mkono.

Basi ukiwa na shaka, toka nje ukamwone aliye kwenye benchi. Na kama kuna mtu mdogo amekaa kwenye mkeka akakuuliza mbona kiganja kiko hivi, mjibu. Mimi sijawahi kukuomba radhi kwa siku ile. Nakuomba sasa. Uliona kweli nikakunyamazisha, na mtu mwingine akalipia.

Ile lenzi uliyoifunga kwenye kitambaa asubuhi ukaiweka begini, ya kuangalia sisimizi ulipokuwa na miaka saba, umeshasahau nani alikupa. Alikupa Bwire. Aliitoa kwenye jicho lake mwenyewe siku ile, akarudi Sengerema bila lenzi. Nilisema atakudekeza. Akasema, "Mwache, huyu anaangalia kabla ya kusema."

Jua limeshuka kwenye mawe. Karatasi imeanza kuwa ya njano na kwa sheria yangu napaswa kuacha.

Mama yako anajua kwamba nitakusindikiza mpaka stendi. Hajui kwamba nimekata tiketi kwenye basi lako. Imeandikwa Magu. Nitakupa barua hii tukishapanda, kisha nitakwenda kukaa nyuma kabisa, kwa sababu siwezi kukaa kando yako wakati unaisoma. Usigeuke kunitazama. Kutoka stendi hadi Magu kuna muda wa kutosha kwa msomaji kama wewe, hata ukirudia mahali. Mfukoni nina picha za uso ule, za nyuma na mbele, zilizopigwa juani. Nitamwonyesha akitaka, lakini kwanza nitamwambia kwa mdomo wangu. Kisha nitamwomba, akikubali, tuvuke wote Sengerema kwa Mama Mwalimu na kwa ukoo ule, niseme mbele yao pale pale simu ilipowekwa. Asipokubali, nitavuka peke yangu. Hajui kama nakuja. Anaweza kunifukuza, na ana haki.

Sikuombi unisamehe kabla ya kufika. Nakuomba kitu kimoja kidogo, maana najijua. Basi likianza kupunguza mwendo, ukiona ndoo za mchele kando ya barabara, utaona baba yako huko nyuma amefumba macho. Sitakuwa nimelala. Njoo unishike bega, mbele ya watu wote, uniambie tumefika.

Baba yako